Nyekundu ya Kivulini

Nikutegee kitendawili wewe uliyekaa hapo. Nina mgeni wangu: chumbani ananidanganya, mlangoni anasitasita, barabarani anasema kweli. Nani huyo?

Fikiri taratibu, na mji usinipe. Wajukuu zangu wana haraka, wakishindwa tu wananipa mji mzima na watu wake, nami miji yote hiyo nitaizungukia kwa magoti gani? Kaa nacho. Mimi nitakusimulia habari ya bango, nawe ukilipata jibu njiani, nyamaza nalo.

Mwanangu Mize ni mchokozi wa pweza, huwachokoa mashimoni mwao kwa kijiti. Hapa kwetu Kiegeani mwanamke anayejua mashimo ya pweza anayajua kama unavyoijua njia ya jikoni kwako macho yamefumbwa. Lakini bahari yetu imo ndani ya hifadhi, na kijiji kina kamati yake ya mwamba. Kila mwaka kamati hukaa, ikafunga upande mmoja wa mwamba ili pweza wakue, na upande mwingine ikawaachia wanawake washuke kwa miguu siku za bamvua, maji yakipwa sana. Ili watu wasikosee, ikachorwa ramani, ramani ikachapwa kwenye bango kubwa, bango likatundikwa pwani penye mnada wa samaki. Nyekundu, usiguse. Rangi ya chungwa, wachokozi wa pweza ingieni. Buluu, kila mtu na mshipi wake. Maandishi madogo wengi wetu hatuyasomi, macho yamechoka. Rangi tunasoma wote.

Bango lile alilichapa mjukuu wangu Aziza, binti wa huyo huyo Mize. Aziza anafanya kazi mjini Kilindoni kwa Shabbir, Mbohora mmoja aliyegeuza duka la nguo la mama yake kuwa duka la mabango. Ana mashine ndefu kama kitanda cha watu wawili, inapita kushoto na kulia ikitema wino, na upande wa pili inatoka picha ya kufunika ukuta. Siku bango letu lilipotundikwa nilisimama mbele yake nikamwambia kila aliyepita, huyu ni mkono wa mjukuu wangu. Nilijisifu sana. Nisingejisifu, labda nisingeumia vile.

Kikao cha kugawa mwamba Mize hakuwapo. Tulikuwa na msiba kisiwani Juani, akabaki kule na wafiwa mpaka hitima. Aliporudi akapita pwani, akalitazama bango, akaona upande wa kusini ni rangi ya chungwa, akafurahi, kwa sababu kusini ndiko kwenye mashimo yake. Miezi ikapita, na bamvua la kufungulia msimu lilipofika akashuka na kijiti chake. Wenzake, waliokuwa kikaoni na hawakuhitaji bango, wakageukia kaskazini, yeye akadhani wanamwachia nafasi. Akachokoa. Alipoinuka kunyoosha mgongo, walinzi wa kijiji walikuwa wamesimama mbele yake.

Pweza wakachukuliwa. Hilo si neno, pweza wanazaliwa. Lakini kamati ikamzuia kushuka mwambani mpaka kikao kingine, na wakasema wazi kwamba kikao hicho kikiona alivuka kwa kusudi, basi msimu mzima haweki mguu. Na jina likaharibika papo hapo. Kisimani walianza kumwita Bi Nyekundu. "Bi Nyekundu, hujambo?" Anajibu hajambo, anajaza ndoo, anaondoka. Mwanamke ambaye watu walikuwa wakimfuata nyuma mwambani ili wajifunze anapokanyaga.

Yeye mwenyewe hakubadilisha neno hata siku moja. "Bango lilikuwa chungwa."

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Zubery, naye hakubadilisha. "Ramani tuliyoipaka wenyewe kikaoni imo kabatini. Kusini ni nyekundu."

"Mimi kabati sikulisoma. Nimesoma bango."

Tukateremka wote kulitazama bango. Limekaa juani na chumvi miezi, nyekundu na chungwa zote zimekuwa rangi ya mchuzi uliomwagika jana. Huyu anasema ile ilikuwa nyekundu ikapauka, yule anasema aa, ilikuwa chungwa tangu mwanzo. Ndipo Mize akamgeukia binti yake mbele ya watu wote.

"Aziza. Siku ulipolichapa lile bango, kusini ilikuwa rangi gani?"

Aziza alifungua mdomo. Akamtazama Mzee Zubery, akalitazama bango, akautazama mchanga. Watu wakasubiri, kisha wakaanza kutawanyika mmoja mmoja, na swali likabaki pale pwani kama kikapu kisicho na mwenyewe.

Tangu hapo nyumba yetu haikutulia. Mize anampakulia Aziza chakula, anamsogezea, lakini jina lake hamtajii. Ananiambia mimi: "Mama, mwambie huyo samaki ana miiba." Na huyo amekaa pua kwa pua naye. Mimi nikiwa katikati sijui nigeukie wapi. Nikianza kusuka ukili nauacha, nikiingia jikoni nasahau nilichofuata. Usiku nasikia mkeka wa huku unageuka, kisha wa kule unageuka, kama watu wanaopokezana zamu.

Nilimuuliza Aziza tukiwa wawili. "Kwa nini humjibu mama yako?"

"Kwa sababu kwenye kioo cha kompyuta ilikuwa nyekundu, Bibi. Nikisema nyekundu, ninamfunga mama. Nikisema chungwa, nimesema nisichokiona."

Basi. Ungemwambia nini mtoto kama huyo?

Bamvua lilipokaribia tena, kamati ikaagiza bango jipya, na kikao kikapangwa kuwa siku ya kulitundika. Aziza safari hii aliomba apewe ile ramani yenyewe ya kabatini, iliyopakwa kwa rangi za mkono, maana mara ya kwanza walimtumia picha tu ya ramani hiyo kwa simu. Akaifunga kwenye mfuko. Nikamwambia nami nakwenda Kilindoni.

"Kufanya nini, Bibi?"

"Kumwona Banu."

Banu ni mama yake Shabbir, shoga yangu tangu enzi za duka la nguo. Lakini kusema kweli nisingeweza kubaki nyumbani na Mize, ambaye alikuwa ameanza kukichonga upya kijiti chake cha pweza, anakichonga, anakitazama, anakiweka, anakichukua tena, na hajui kama atakitumia. Tukapanda pikipiki, mimi katikati, nimejiviringa kanga kama mzigo wa posta.

Duka la Shabbir halina nafasi ndani, kompyuta na mashine vimelijaza. Kazi ikitoka wanaitandaza ukumbini, mbele ya duka, chini ya turubai la buluu lililofungwa kutoka paa mpaka nguzo za barabarani. Pana kivuli kizuri. Banu akaletewa kiti, nami nikaletewa kiti, chai ikaja.

"Bimkubwa, umekonda."

"Nimekonda wapi? Ni kanga kubwa."

"Kanga za siku hizi ndogo. Umekonda."

Mashine ikalia kwa muda mrefu, mara huku mara kule, mpaka meno yakaniwasha. Hatimaye Aziza na Shabbir wakatoka na bango wamelishika ncha kwa ncha, wakalitandaza mbele yetu, na Aziza akailaza ile ramani ya mkono juu yake. Akainama. Akatazama kusini ya hii na kusini ya ile. Zilifanana kama mtu na dada yake.

"Nyekundu safi," Shabbir akasema, na akashusha pumzi. Ni mtu mwema Shabbir, lakini tangu mambo yale yatokee alikuwa akichungulia barabarani kila gari likisimama. "Likunje, Aziza. Lipelekwe."

Aziza hakulikunja. Alikuwa anazunguka bango, anasimama upande huu, anarudi ule. "Naomba kidogo, mjomba."

"Kidogo cha nini? Umeliona."

"Na lile la kwanza nililiona."

Mimi nilikuwa na kipande mkononi, kile wanachokikata pembeni ili bango likae sawa. Kilikuwa na ukingo wa ile nyekundu. Sikuwa na nia yoyote, wallahi. Mkono wangu tu una desturi yake. Katika maisha yangu sijanunua kanga dukani kwa Banu bila kutoka nayo barabarani. Atanionyesha ndani, nitaisifu, nitashika pembe, nitatoka nayo mlangoni, nitapita mlango, nitasimama juani katikati ya njia nikiigeuzageuza, na yeye ndani anapiga kelele: "Bimkubwa, utafika nayo Utende?" Ndivyo wanawake wote wa rika langu tulivyonunua, maana kanga uliyoipenda ndani ya duka ikifika kwako inakuwa mtu mwingine. Basi nikainuka na kile kipande changu, nikatembea nje ya turubai, nikakigeuza juani.

Kilikuwa chungwa.

Nilikirudisha kivulini. Nyekundu. Nikakitoa. Chungwa, chungwa la kuiva, la kumenya.

Nilisimama pale mpaka mwenye baiskeli akaniuliza kama nimepotea. Aziza ndiye aliyeniona. Akaja, akakitazama kipande mkononi mwangu, akarudi mbio akaichukua ramani ya mkono akaileta juani. Ile ilibaki nyekundu, damu ya ng'ombe. Akaviweka pamoja. Wakati huo Banu naye alikuwa anatuletea ule umbea wake, anatembea taratibu na rida yake, lile vazi lao la kujifunika, na pale chini ya turubai rida ilikuwa zambarau. Alipotoka juani ikawa waridi.

Aziza akaitazama rida kwa muda, kisha akainua macho akalitazama turubai.

"Mama Banu, hili turubai nani alilifunga?"

"Mimi. Enzi za kanga. Nilikuwa nazitundika hapa mbele, jua likawa linazichujua, nikasema lifungwe. Kwani linavuja?"

"Halivuji," Aziza akasema. "Linapaka."

Tangu saa ile duka halikukalika. Aziza akaivua mashine kifuniko, akachapa mistari ya kupima. Wanatumia wino wa aina nne tu, na kila rangi unayoiona bangoni imechanganywa humo. Mistari mitatu ikatoka mizima. Mmoja, wa waridi iliyokolea, ukatoka umemomonyoka kama kitana kilichovunjika meno. Nyekundu wanaipata kwa waridi na manjano. Ukikosa waridi ya kutosha, unabaki na nini? Hata mimi nilijibu. Umeme wetu unavyokatikakatika, wino hukauka kwenye vitundu vya kuutemea, na mashine haisemi, inaendelea tu kutema kile ilichonacho.

"Lakini kwenye kioo iko sawa," Shabbir akasema.

"Kioo kinang'aa chenyewe, mjomba. Wino unasubiri mwanga wa kuangukiwa. Tulikuwa tunapima kwa kioo, halafu tunatazama chini ya turubai la buluu."

Akasafisha vitundu. Umeme ukakatika. Tukakaa. Shabbir akawa anakwenda mlangoni na kurudi, anakwenda na kurudi, mpaka Banu akamwambia akae, anamzungusha kichwa. Umeme ukarudi. Aziza akachapa vipande vingi vidogo, nyekundu mbalimbali, kila kimoja na namba yake, hiki waridi imeongezwa kidogo, kile zaidi. Nikanyoosha mkono, akanizuia. "Bado mbichi, Bibi. Wino mbichi nao unadanganya." Tukasubiri vikauke. Kisha akavipeleka vyote barabarani, akavipanga juu ya ramani ya mkono kimoja kimoja, na sisi wote tukiwa tumeinama pale njiani, pikipiki zinatupigia honi. Kimoja kikapotea. Nasema kikapotea: alikiweka juu ya nyekundu ya ramani, ukingo ukafutika, usijue kipande kinaanzia wapi.

"Hicho," Banu akasema.

"Hicho," Aziza akasema.

Umelipata jibu la kitendawili changu? Basi nyamaza nalo, nilikuambia.

Wakati bango linachapwa upya, Shabbir alimwita mjukuu wangu pembeni, lakini duka ni dogo na masikio yangu bado mazima.

"Aziza, hili litakuwa zuri. Watu watafurahi. La zamani limeshakufa, limepauka, hakuna awezaye kulisoma. Tusilifufue. Hii kazi ya mabango ya vijiji ndiyo inayotulisha mimi na wewe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mjomba."

Sauti yake ilikuwa ndogo. Banu, aliyejifanya anasinzia kitini, akafumbua jicho moja. "Shabbir, lete kisu."

"Kisu cha nini, mama?"

"Lete tu."

Akakata kamba ya kwanza ya turubai mwenyewe, amesimama juu ya kreti la soda, Shabbir anamshika miguu na kumsihi. "Jua litaingia ndani, mama. Mashine itachemka."

"Tutaweka pazia jeupe. Nililifunga kwa ajili ya kanga. Ziko wapi kanga?"

Tukapanda pikipiki kurudi Kiegeani, safari hii Aziza mbele yangu. Bango limekunjwa kama mkeka, amelikumbatia. Mimi nyuma yake nilikuwa na jambo langu linanichoma, na nilitaka pikipiki iruke.

Kwa sababu nilikumbuka. Lile bango la kwanza, walipolichapa, karatasi yake ile nzito ilikwama mwishoni ikajikunja, wakachapa jingine, na lile lililoharibika Aziza aliniletea. Bango lililoharibika ni mali kwetu: watu wanaanikia mpunga, wanazibia banda la kuku. Mimi nililikata, nikatandika ndani ya sanduku langu la nguo, chini kabisa, ili mchwa wasipande. Na sanduku nikalifunga. Jua halijaliona.

Tulipofika sikumwamkia mtu. Niliingia chumbani, nikatoa kanga zote, na ile ya kuzikiwa, na udi, na picha ya marehemu mume wangu, nikalibandua bango sakafuni mwa sanduku. Mle chumbani, kwenye kagiza, ilionekana kama nyekundu. Sikuiamini. Nikatoka nalo mlangoni. Nikatoka nalo uani.

Nililikunja haraka kabla Mize hajageuka.

Unaona nilipofikia. Nikimpa Mize, ameshinda, na binti yake anaumbuka mbele ya kijiji, pengine na kazi inakwenda. Nikilirudisha sandukuni, Aziza anabaki na kazi, na mwanangu anabaki Bi Nyekundu mpaka kaburini. Wote wawili wametoka humu tumboni kwangu, mmoja kwa mkono wa mwenzie. Nikazunguka uani mpaka kuku wakanishangaa.

Asubuhi ya kikao, Aziza alipokuwa anafunga viatu, nilimpa. Sikumweleza. Alikunjua kidogo tu, pembeni, pale jua lilipokuwa linaingia barazani. Akakaa chini na kiatu kimoja.

"Bibi, umelipata wapi?"

"Ulinipa mwenyewe."

"Mama ameliona?"

"Hapana."

"Kwa nini hukumpa?"

"Kwa sababu hakuniuliza mimi."

Alilikunja, akaliingiza ndani ya lile jipya. Kiatu cha pili alikivaa bila kukifunga.

Pwani walikuwa wengi, maana kesho yake ni bamvua na kila mwanamke ana kijiti chake. Shabbir alikuja na nyundo na misumari yake, kofia yake nyeupe imekaa upande. Bango jipya likatundikwa. Niseme lilipendeza: nyekundu ni nyekundu, chungwa ni chungwa, mtu mwenye jicho moja angezitenganisha. Mzee Zubery akalilinganisha na ramani ya kabatini, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Haya. Mize, njoo. Kusini unaona rangi gani?"

"Nyekundu."

"Basi tumekubaliana."

Wakacheka kidogo nyuma. Mmoja akasema Bi Nyekundu amemwona pacha wake. Mize hakugeuka.

"Tumekubaliana la leo, Mwenyekiti. Mimi la leo sikuuliza."

"Mize, mambo hayo..."

"Niliuliza la siku ile. Sijajibiwa." Na akasimama hivyo, mikono ameifunga kwenye kanga, anamtazama Mzee Zubery, binti yake hamtazami.

Shabbir alikuwa anauhesabu mchanga. Nilimwona Aziza akimtazama, naye Shabbir akainua uso, wakatazamana, na sijui yule bwana aliona nini, lakini akavua kofia yake, akaikung'uta mavumbi ambayo hayakuwapo, na akamsogezea nyundo. Misumari aliishika mwenyewe mkononi.

Aziza akakitoa kile kipande cha sandukuni. Akakisimamisha kando ya bango jipya, kusini kwa kusini, akapiga msumari mmoja, akapiga wa pili. Lilikuwa jua la asubuhi, halina kivuli chochote. Watu wakasogea. Hakuna aliyecheka.

Akageuka, akamtazama mama yake.

"Chungwa, mama," akasema. "Ilikuwa chungwa. Nililipima kivulini."